Papa Zimamoto

Mwezi uliopita nilirudi Kisangani kwa harusi ya mdogo wangu wa mwisho, baada ya miaka mingi ya kufundisha shule huko Kindu. Sokoni nilichukua moto inipeleke ng'ambo ya mto Tshopo, kwa wakwe zake. Huku kwetu pikipiki tunaiita moto, jina tulilolitoa kwenye Kifaransa, na ndugu zetu wa pwani hutucheka kwa hilo. Tulipofika pale barabara inapoanza kuteremkia daraja, dereva alizungusha ufunguo, injini ikanyamaza, tukawa tunateleza kimya, upepo tu masikioni na mbele yetu ngurumo ya maji yakipiga miamba.

"Unazima juu ya nini?" nikamuuliza, nikitaka kujua sababu.

"Esansi iko bei, mama," akasema bila kugeuka. Esansi ndiyo petroli. "Mulima inanisukuma bure. Nitaichoma ya nini?"

Alisema kwa raha, kama mtu aliyegundua jambo hilo yeye mwenyewe asubuhi ile. Uso ulinichoma, nikainamisha kichwa nyuma ya mgongo wake kana kwamba barabara nzima inanitazama, mimi mwanamke mzima, mwalimu, mama wa watoto watatu. Yeye hakuwa na kosa. Nilikuwa nimemkumbuka papa, baba yangu, na jambo nililomfanyia nikiwa na miaka kumi na miwili. Jambo lile nimelisema mara moja tu maishani, na nililisema kwake. Keti basi, nikusimulie.

Papa alitoka Maniema akiwa kijana, akasomea uuguzi, akapata kazi katika kituo kidogo cha afya ng'ambo ya mto, si mbali na daraja. Kazi yake hasa ilikuwa kupeleka chanjo za watoto vijijini, kwenye barabara ya msituni inayokwenda kaskazini. Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita, mji unajikung'uta vumbi, na esansi ilitujia kwa meli kutoka chini ya mto, ikichelewa, ikiuzwa kwenye chupa za bia kando ya barabara. Wengi waliokuwa na moto walikuwa wameziegesha ndani ya nyumba na kuzifunika kwa mikeka. Mji ulitembea kwa toleka, baiskeli za abiria, na asubuhi ulisikia kengele zake kabla ya kusikia jogoo.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo na bati. Nikifumba macho hata leo nainusa: sinde, yaani mchaichai, ikichemka kwenye chai, mikate ya mama ikivimba ndani ya mafuta, na moshi wa kuni mbichi ambao koko, mama yake papa, aliulaani kila siku kwa maneno yale yale. Jioni tulitwanga ndizi zilizochemshwa, zikawa lituma, tukala na sombe, majani ya muhogo, na visamaki vilivyokaushwa vya Wagenia, wavuvi wa mtoni. Kutwanga ilikuwa kazi yangu na ya koko. Kazi yangu nyingine, niliyoipenda zaidi kabla sijaanza kuichukia, ilikuwa moto ya papa.

Ilikuwa pikipiki kuukuu ya Kijapani, mali ya kituo. Tangi lake lilikuwa limebonyea upande mmoja, kiti kimeshonwa kwa uzi wa nyavu, na kifuniko cha tangi kilikuwa kimeharibika, kukifungua kulihitaji bisibisi na subira. Lakini hapakuwa na moto katika mji ule iliyokwenda mbali kwa esansi kidogo kama ile, kwa sababu hapakuwa na mtu kama papa.

Alfajiri, akishaswali, aliifungua buji, kile kidude kinachotoa cheche, akaisugua kwa mswaki uliochakaa na kunionyesha ncha yake kwenye mwanga. Ikiwa nyeusi, aliniambia, injini inakula kupita haja yake, kama mgeni asiye na haya. Ikiwa nyeupe, ina njaa na itaungua. Ikiwa na rangi ya biskuti, imeshiba. Alikuwa akigusa skrubu ya kabureta robo ya mzunguko, halafu anasikiliza, kichwa kimeinama, kama anavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Chujio la hewa alilifua kwa sabuni. Magurudumu aliyajaza upepo mpaka ukiyagonga yanalia, maana gurudumu laini, alisema, ni sawa na kutembea matopeni. Mafuta ya mashine yakikosekana, mnyororo aliupaka mawese, ndiyo maana moto yetu ilinukia jikoni. Barabarani aliongeza mwendo kwa mkono mwepesi, kama aliyeshika yai la kuazima, na kila mteremko aliuteremka injini ikiwa imezimwa.

"Esansi haiishi," alipenda kusema. "Inamwagwa."

Wala usidhani alikuwa mchoyo. Kituo kilimpa bidoni moja, yaani dumu moja la esansi, kwa kila safari, na yeye alirudi na kiasi ndani ya bidoni ile, akakirudisha. Esansi ile iliwasha kijenereta cha chumba cha kuzalishia. Mdogo wangu huyu aliyeoa juzi alizaliwa chini ya taa ile. Mambo hayo niliyajua. Nataka ufahamu kwamba niliyajua tangu mwanzo.

Sasa nikueleze kitu kimoja kuhusu moto za zamani, maana ndicho chenye kisa. Hazikuwa na kipimo cha kukuonyesha esansi iliyobaki. Chini ya tangi, upande wa kushoto, kulikuwa na robine, yaani koki, yenye mkono mdogo. Ukiulaza mkono ule, umefunga. Ukiuelekeza chini, esansi inakwenda, lakini si yote: ikibaki kama lita moja hivi, injini inakohoa na kuzima. Hapo ndipo unaupandisha mkono juu, na ile akiba iliyobaki inaanza kutumika. Kikohozi kile ndicho kilikuwa kipimo cha papa. Moto ikikohoa, alijua amebakiza akiba, na siku hiyo hiyo alitia esansi nyingine. Akiba yenyewe hakuigusa. Alisema ile ni ya mgonjwa atakayemkuta njiani.

Kila asubuhi mimi ndiye niliyefungua robine. "Fungulia mutoto maziwa," aliniambia, nami niliinama nikauelekeza mkono chini, kisha nikapanda nyuma yake. Alinipeleka shuleni kwanza, kwa kuwa shule ilikuwa njiani, chini kabisa karibu na daraja.

Nilipokuwa mdogo, kuteremka ule mteremko kimya kimya kulikuwa furaha yangu. Nilifungua mikono nikajiona ndege. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili ana macho mapya. Langoni kwa shule walisimama wenzangu, na siku moja wa kwanza akasema, "Zimamoto amefika." Neno lilipendeza, likashika. Papa akawa Papa Zimamoto. Waliigiza: mmoja anashika usukani wa hewa, mwingine anapanda nyuma, wote wawili wananyamaza na kutambaa kama kinyonga. Nikamwomba papa aniache kwenye kona kabla ya shule.

"Juu ya nini?" akauliza.

"Ninataka kutembea, Papa."

Alinitazama kidogo, akaniacha kwenye kona. Haikusaidia, kwani barabara ilikuwa moja na lango lilikuwa juu yake. Alipita mbele yao kimya kimya bila mimi, nao wakanisubiri.

Kisha ikaja siku ya kulaza. Papa alikuwa ameteremka, amefika mbele ya lango hasa, akapiga injini ili apande ng'ambo ya daraja. Ikakohoa, ikafa. Mtu mwingine angepandisha robine aende zake. Papa hakutaka kugusa akiba. Tangi la pikipiki ya namna ile lina nundu chini katikati, kwa hiyo esansi kidogo hubaki imejificha upande usio na robine. Akashuka, akaikamata moto, akailaza ubavuni katikati ya vumbi, polepole, kwa mikono miwili, kama mtu anayemlaza mgonjwa. Alikaa amechuchumaa pale, mkono mmoja juu ya tangi, anasikiliza esansi ikihamia upande wa pili. Shati lake jeupe la kazi liligusa ardhi.

Shule nzima ilikuwa langoni. "Papa Zimamoto analaza mutoto yake," mmoja akasema, na mwingine akaanza kuimba wimbo wa kubembeleza. Hata mwalimu wetu wa kike, aliyekuwa akinunua karanga, alitabasamu na kugeuza uso. Papa akaiinua moto, ikawaka. Akaniona mimi nimesimama kwenye kona, akanipungia mkono. Mimi nikatazama nyuma yangu, kana kwamba anampungia mtu mwingine.

Siku ile nilifikiri darasani, sikusikia hesabu wala sarufi. Kuzima kwenye mteremko sikuweza kumzuia. Kulaza niliweza. Moto inalazwa kwa sababu imekohoa, na inakohoa kwa sababu robine iko chini. Ikiwa juu tangu asubuhi, haitakohoa langoni, na papa hatailaza mbele ya watu. Niliona nimepata dawa.

Kesho yake, aliponiambia nimfungulie mutoto maziwa, niliinama nikaupandisha mkono juu. Hakutazama. Kwa nini atazame? Ile ilikuwa kazi yangu tangu nikiwa na miaka minane. Nikafanya hivyo asubuhi ya pili, na ya tatu. Moto haikukohoa. Langoni walisubiri wakachoka.

Siku ya Jumatano jioni tulikuwa tunakula. Papa alikuwa mchangamfu kuliko kawaida, akamwambia mama, "Hii wiki moto imekunywa kidogo kabisa. Ilipashwa ikohoe jana, ao leo asubuhi. Mpaka sasa, hapana."

"Labda inakuogopa," mama akasema.

"Ni ile skrubu. Niliigusa kidogo tu." Akaonyesha kwa kidole na gumba jinsi alivyoigusa. "Sasa nimeipata ile sawa yake. Miaka yote niko naitafuta."

Koko akasema kwamba haba na haba hujaza kibaba, na papa akacheka kwa kiburi kidogo, kiburi cha mtu ambaye hana vitu vingi vya kujivunia. Mimi nilikuwa na tonge la lituma mkononi. Nilijua kwa nini moto haikukohoa. Ilikuwa inakula akiba yake. Kusema kulikuwa kwepesi: Papa, robine iko juu. Lakini angeuliza ni nani aliyeipandisha, na baada ya hapo angeuliza kwa nini. Nikachovya tonge kwenye sombe, nikala.

Alhamisi ilikuwa siku ya safari. Niliinama asubuhi, na nakuapia nilitaka kuushusha mkono chini. Papa alikuwa anafunga kisanduku cha buluu cha chanjo nyuma, anazungumza na mama. Nikafikiri: leo tena anapita langoni, na leo ndiyo siku itakayokohoa. Nikauacha juu.

Papa akaniacha kwenye kona, akateremka, akapita lango kimya, akavuka daraja. Kituoni alipewa bidoni yake. Mle ndani kulikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu tangu siku iliyotangulia, na kijenereta kilikuwa kikavu. Papa akafanya hesabu yake: moto haijakohoa, kwa hiyo bado kuna esansi ya kutosha, na chini yake iko akiba nzima. Akaiacha bidoni kwa wakunga. Vijiji alivyokuwa anakwenda alivijua. Kwenye kile cha mwisho angeweza kununua chupa mbili za kumrudisha. Akashika barabara ya msituni.

Hakurudi siku ile. Mama alisema labda mvua imemzuia, ingawa hapakuwa na mvua.

Alirudi Ijumaa, saa sita mchana. Mimi na koko tulikuwa uani tukichambua majani ya sombe. Tulisikia gurudumu likilia nje ya ua, ule mlio wa moto inayosukumwa. Papa aliingia viatu vimening'inia kwenye usukani, miguu yake imevimba na kuwa na rangi ya barabara. Alikuwa ameongozana na mfanyabiashara mmoja wa ndizi mwenye baiskeli, aliyemsaidia kuisukuma tangu alfajiri. Papa akafungua kamba, akateremsha kisanduku cha buluu, akakiweka chini. Ndani maji yalicheza. Barafu yote ilikuwa imeyeyuka, na chanjo ikishapata joto haifai tena, ni kuitupa.

"Ilifika nini?" mama akauliza.

"Esansi ilikwisha katika pori."

"Kwako wewe?"

Papa aliizunguka moto, akasimama upande wa kushoto. Mkono wa robine ulikuwa juu. Aliutazama, kisha akauinamia na kuulaza, akaufunga, taratibu kabisa, mbele yangu. Hakuniangalia. "Mama, letea huyu ndugu chakula," akamwambia mama, akaingia ndani.

Niliendelea kuchambua sombe. Koko alinitazama mikono, akasema natupa majani mazuri na kuacha mabovu.

Jumamosi alikuja mkubwa wa kituo. Tulimwita Chef, kama kila mtu alivyomwita. Hakuwa mtu mbaya, nami sitaki umchukie. Aliketi kwenye kiti chetu kizuri, papa akaketi kwenye kigoda, na mimi nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko nimeshika sahani ambayo sikuambiwa niishike.

"Ba mama bale balingoja mpaka jioni na batoto mugongoni," Chef akasema. "Bakarudia kwabo. Kesho tukibaita, batakuja?"

"Nusu yabo hawatakuja," papa akasema.

"Donc unajua. Alors unieleze. Wewe, mutu wa kupima esansi na kijiko, namna gani ikuishie njiani?"

"Nilikosa hesabu, Chef."

"Bidoni ilienda wapi?"

"Niliacha kwa wakunga."

"Wakunga wanasema ilikuwa nusu."

"Nilipewa nusu, Chef. Ndiyo ile niliacha."

Kumbe aliyetoa mafuta siku ile alikuwa ameandika bidoni nzima, na papa, ambaye sifa yake ilikuwa kufika mbali kwa kidogo, hakuwa na wa kumwamini kwamba alipungukiwa. Watu walikuwa wamekwisha kunong'ona zamani: mtu gani anabakiza esansi kila safari? Lazima ana njia zake. Sasa ule uhodari wake wenyewe ukawa ushahidi.

"Moto yako ikifanya kazi muzuri, haiwezi kuisha pale," Chef akasema, kwa sauti ya chini, karibu ya kumwomba. "Kama kuna kitu ingine, uniambie. Kitu yoyote. Nitaandika ile."

Nilikuwa hatua tano kutoka kwao. Nilihitaji kusema maneno manne. Papa alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake, na kwa muda nilidhani ataniita. Nilimwomba Mungu asiniite.

"Hakuna kitu ingine," papa akasema. "Ni mimi nilikosa."

Wakampa moto muuguzi mwingine. Papa hakufukuzwa, aliwekwa kwenye chumba cha kufunga vidonda, na huko akabaki mpaka alipostaafu. Muuguzi yule mpya aliendesha kama vijana wanavyoendesha, na hakuna esansi iliyorudi tena kituoni. Wakunga wakarudia taa ya chemli. Neno likatembea mtaani kwamba Papa Zimamoto aliuza mafuta ya watoto. Jirani yetu, mama aliyekuwa akituazima mchi wake, akaanza kuutaka mapema. Papa alikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, akiwasalimu wote, hata wasioitika. Msimu ule surua ilipita katika vijiji vya barabara ile. Sijui kama ilipita pale ambapo papa hakufika. Ningeweza kuuliza wakati ule, na hata baadaye, nikiwa mtu mzima. Sikuuliza.

Lakini nimekuahidi kisa chote, basi nikupe na lile lililo chini kabisa. Jumatatu ya kwanza bila moto nilikwenda shuleni kwa miguu pamoja na wenzangu. Asubuhi ilikuwa nzuri, kuna ukungu juu ya maji, tulikula mikate ya moto njiani na mmoja akanipa nusu ya wake. Tulifika langoni, na hapakuwa na lolote la kuchekwa. Nilifurahi. Papa alikuwa nyumbani anapaka miguu yake mafuta ya mawese kwa sababu yangu, na mimi nilifurahi. Ile furaha, rafiki yangu, ndiyo inayonichoma uso mpaka leo kuliko robine yenyewe.

Nilimwambia baada ya miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nimeolewa Kindu, nimekuja kumwonyesha mtoto wangu wa kwanza. Tulikuwa barazani baada ya chakula, mtoto amelala juu ya tumbo lake. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu safarini, yakatoka yote kwa mara moja, bila mpango.

"Najua," papa akasema. "Tangu pale porini. Nilishusha mukono nipandishe robine, nikaikuta iko juu."

"Ukajua ni mimi?"

"Ni nani mwingine alikuwa anaifungua?"

"Sasa juu ya nini haukumwambia Chef? Angeandika tu kwamba ni mutoto alichezea."

Alikuwa anampigapiga mtoto mgongoni kwa vidole viwili.

"Angeniuliza juu ya nini mutoto alifanya vile," akasema. "Na mimi nilijua juu ya nini. Siku ile niliilaza pale kwa masomo, langoni, nilikupungia mukono, ukageuka nyuma." Akamweka mtoto sawa juu ya tumbo. "Waseme papa ni mwizi, ni sawa. Watu wanasema, halafu wanasahau. Lakini niseme kwa mudomo yangu, mbele ya mutu, kwamba mutoto yangu ananionea haya? Ile singeweza."

Nilitaka kumpigia magoti. Akanizuia kwa mkono, akaniambia nitamwamsha mtoto. Kisha akasema kitu kilichonimaliza kabisa. Alisema kilichomwuma zaidi ni ile skrubu. Kwa siku moja nzima, Jumatano ile, aliamini ameipata.

Alikufa miaka minne baadaye, wakati wa mvua. Watu walijaa uani, wengi kuliko tulivyotegemea, wengine wanaume na wanawake wazima ambao makovu yao ya chanjo ni mkono wake ulioyatia. Chef alikuja pia, amezeeka, anashikwa mkono. Aliomba kusema neno. Akasema marehemu alikuwa mtu wa kazi, mpole, mwenye subira, na kwamba alikosea mara moja tu maishani, na nani kati yetu hajakosea? Alisema amekwisha kumsamehe zamani, na Mungu naye amsamehe. Alisema kwa machozi, kwa nia njema kabisa.

Nilikuwa nimeketi mkekani kati ya wanawake, mama upande mmoja na koko upande mwingine. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nina cheti cha ualimu, kazi yangu ni kusimama mbele ya watu na kusema. Watu wote uani waliinamisha vichwa, wakasema amina. Nikasema amina.

Sasa kituo kina sahani za jua juu ya bati, na akina mama wanazaa kwenye mwanga bila kuhitaji tone la esansi. Moto zinazopita darajani ni mpya, zina kisanduku kidogo cha taa kinachomwambia dereva alichobakiza. Hakuna anayesugua buji kwa mswaki alfajiri wala anayejua rangi ya shibe. Koko amekwenda, mama amemfuata. Wenzangu wa langoni wametawanyika, na nilipokutana na mmoja wao harusini hakukumbuka kabisa jina walilompa papa. Ilinibidi nimkumbushe, akacheka, kisha akaniomba radhi. Wakunga wale hawapo. Mfanyabiashara wa ndizi sikuwahi kujua jina lake.

Na Chef alizikwa mwaka uliofuata ule wa papa. Nilipata habari nikiwa Kindu, katikati ya kusahihisha mitihani, na jambo la kwanza lililonijia, kabla ya huzuni, lilikuwa ahueni. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hakuna tena mtu hata mmoja ninayeweza kumwendea na kumwambia kwamba papa hakuuza esansi ile, hata tone. Kwa hiyo nimekuambia wewe.